Historia ya Mfalme Mian, Aliyeuliza Kila Kitu Mara Mbili

Waombolezaji wote mliofika hapa Lan, ukingoni mwa Mto Huan, mliokuja kwa miguu na mliokuja kwa magari ya farasi, poleni kwa msiba na poleni kwa tope. Familia imemteua dada yake marehemu, Bi Rao, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya kaka yake kabla shimo halijafungwa, na kabla hajaanza anawaomba radhi kwa mambo mawili, kwanza macho yake hayana haraka tena, pili historia hii itataja makosa ya marehemu waziwazi, kwa kuwa mwenyewe ndivyo alivyotaka, na asiyependezwa na hilo amlalamikie mwenyewe, yupo hapa chini anasikia.

Mnajua ya kwamba jua la leo likishazama jina lake halitatamkwa tena, ataitwa kwa siku yake tu, Baba Geng, na kila siku ya Geng itakapofika katika juma letu la siku kumi atapikiwa chakula na kumiminiwa pombe ya uwele na binti wa nyumba, asiyeolewa mbali kwa ajili hiyo, kwa hiyo msiposikia adabu ya kutosha katika masikio yenu, mkisikia Mian, Mian, Mian, mjue dada mtu anatumia ruhusa yake ya mwisho.

Tena mnaliona lile gamba la kobe juu ya mkeka, na pembeni yake mchongaji Pei na kisu chake cha shaba. Gamba hilo linashuka kaburini pamoja na marehemu, na mwishoni mwake kuna nafasi tupu ya maneno machache, na nafasi hiyo ndiyo itakayoamua kama binti yake, Lian, yule aliyesimama nje ya kamba pamoja na mbwa, atammiminia baba yake pombe maisha yake yote, au kesho asubuhi atapandishwa kwenye moja ya yale magari matatu ya Chifu Zhan na kwenda kuolewa Magharibi. Tutafika huko, kila jambo kwa zamu yake.

Mfalme Mian alizaliwa siku ya Geng, mwezi wa tatu, mwaka wa nzige, katika nyumba ya wanawake iliyo nyuma ya ghala hapahapa Lan, akiwa mtoto wa nne wa mfalme aliyetangulia, ambaye sasa tunamwita Baba Ding, na wa kwanza kwa mama yake. Mkunga alisimulia hadi anakufa kwamba mtoto yule hakulia alipotoka, alikodoa macho huku na huku akiichunguza nyumba, na ndipo alipolia, na neno lake la kwanza halikuwa mama wala maziwa, lilikuwa "nani?"

Alipotimiza miaka saba alipelekwa kusomea ramli kwa Mwaguzi Tong, huyu hapa mwenye ndevu nyeupe, ambaye siku hizo hakuwa na ndevu kabisa, akajifunza kukata gamba la kobe na kulisugua, kuchimba vishimo vidogo upande wa nyuma, kuvigusa kwa kijiti chenye moto mpaka gamba liseme "pu!" na ufa utokee upande wa mbele, halafu kuusoma ufa huo mababu wamejibu nini. Alijifunza pia kwamba kila jambo huulizwa mara mbili, mvua itanyesha, mvua haitanyesha, ili mababu wasije wakadhani tunawatilia maneno mdomoni. Wanafunzi wengine waliiacha desturi hiyo karakanani walipokwenda kula, lakini Mian aliibeba hadi jikoni, uji umeiva, uji haujaiva, mpaka mama yake akamwambia, "Mwanangu, kunywa, huo ni uji, si babu yako."

Siku moja alimuuliza mwalimu wake, "Mwalimu, huyu kobe alikuwa anajua yajayo?" Tong akajibu, "Alijua." Mtoto akasema, "Sasa ilikuwaje akakamatwa?" Mwalimu alimtuma kuteka maji mpaka jioni, na juzi, tulipokuwa tumekaa matanga, Tong alikiri mbele ya familia kwamba jibu bado analitafuta.

Ndivyo alivyokua, mtu wa kutaka kujua, na hakuwa na ubaya ndani yake. Alitaka kujua jua linapoliwa mchana huwa linaliwa na nani na kwa nini hutapikwa lilelile, alitaka kujua kama wafu hulewa, hata safari moja alimwaga mtungi mzima kwenye kaburi la babu yetu kisha akalala kifudifudi ardhini, sikio chini, kusikiliza kama kuna mtu anaimba. Hakusikia kitu, alirudi nyumbani ana udongo sikioni na furaha tele, akasema angalau sasa tunajua kwamba wakilewa hulewa kwa heshima.

Alishika ufalme akiwa na miaka ishirini na miwili, mwezi wa kwanza, siku ya Jia, baada ya kaka zetu wawili kutangulia mmoja baada ya mwingine, akautumikia miaka thelathini na mmoja, akijenga kingo za mto, akilinda mpaka wa kaskazini, akiwalisha mababu kwa siku zao bila kuruka hata mmoja, na kila asubuhi akisoma nyufa kwa macho yake mwenyewe. Sasa, ramli kamili, kama mnavyojua, ina sehemu tatu, kwanza swali, pili neno la mfalme baada ya kuusoma ufa, na tatu, baadaye, kile kilichotokea, na yote matatu huchongwa. Wafalme wetu wa zamani, mababu watusamehe, waliagiza sehemu ya tatu ichongwe pale tu ilipokubaliana na ya pili, na isipokubaliana lilikuwapo shimo nyuma ya karakana, gamba likatupwa huko, na midomo ikafungwa.

Mwaka wa pili wa ufalme wake kulikuwa na ukame, Mian akausoma ufa, akasema mvua itanyesha siku ya Ren, na siku ya Ren jua likawaka mpaka bata wakakimbilia uvunguni mwa magari. Pei, ambaye wakati huo bado alikuwa na meno yote, alilichukua lile gamba taratibu akaanza kunyata nalo kuelekea nyuma. "Unalipeleka wapi?" Mian akamuuliza. "Kulihifadhi, Mkuu." "Lirudishe, chonga: haikunyesha." "Mkuu, mababu hawakosei." "Nani kasema mababu? Aliyesema Ren ni mimi. Chonga." Pei akachonga huku jasho likimtoka, mji mzima ukanong'ona, na dada yake, huyu anayewasomea, akamfuata hadi chumbani akamwambia, "Kaka, mbona unajivua nguo sokoni?" naye akamjibu, "Rao, nisipoona nilipojikwaa leo, kesho nitajikwaa palepale."

Tangu siku hiyo kila alipokosea ilichongwa. Alipowapeleka askari kwenye kivuko cha kusini na mto ukachukua magari manne na watu wake, ilichongwa kwamba aliwapeleka vibaya, kisha akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wajane kwa kinywa chake, na katika wajane hao wapo waliomtukana na wapo waliompa maji ya kunywa, na wote, tumewaona, leo wamekuja.

Mwaka wa nne wa ufalme wake, mwezi wa tisa, alimwoa Bi Shu, binti wa wafuga farasi wa mabonde ya kaskazini, aliyekuja na farasi kumi na wawili, mbwa wawili na hasira zake mwenyewe, na ndoa yao ilikuwa na kelele na raha kwa kipimo kimoja. Bi Shu alikuwa akiwasimulia wanawake kisimani, "Mume wangu huniuliza nimekasirika? kisha huniuliza sijakasirika? nikimaliza kumjibu yote mawili hasira zenyewe zimeshapoa." Alifariki miaka sita iliyopita, analala upande wa mashariki wa kaburi hili, na marehemu hakuoa tena, ingawa alishauriwa na watu ambao hawakuulizwa.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza Yue, ambaye ndiye mfalme wetu tangu juzi, mababu wamshike mkono, wa pili Hong, ambaye hakufikisha mwaka, na wa tatu Lian.

Hapa msomaji anaomba utulivu, na wale watoto walio juu ya ukuta washuke.

Mwaka wa nane wa ufalme, Bi Shu akiwa karibu kujifungua, Mian aliuliza kama ada, kujifungua kutakuwa kwema, kujifungua hakutakuwa kwema, akausoma ufa akasema, akizaliwa siku ya Ding ni vyema, siku ya Geng ni baraka kubwa. Mtoto akazaliwa siku ya Jia, tena wa kike. Marehemu alikuwa amemzika Hong mwaka uleule, alikuwa amechoka, na alitamka maneno ambayo wafalme wote kabla yake waliyatamka bila kuyafikiri, na Pei akayachonga palepale: si vyema, ni msichana.

Kesho yake alimpakata yule mtoto, mtoto akamkodolea macho, huku na huku, kama alivyofanya yeye mwenyewe kwa mkunga wake, na dada yake aliyekuwapo alimwona kaka yake anabadilika rangi. Lakini kilichochongwa hakifutwi, mababu wameshakisoma, na mtu aliyechongwa kuwa si vyema haikaribii madhabahu, hashiki kikombe, husimama nje. Kinachowezekana ni kuongeza neno chini yake, na kwa kuwa hakutaka kuliongeza kwa kujipendelea, Mian aliagiza ile nafasi iachwe, akaanza kuuliza. Kila mwaka, mwezi wa kuzaliwa kwa Lian, aliwauliza mababu, mtoto huyu ni mwema, mtoto huyu si mwema, na kila mwaka ufa mmoja ulikwenda huku na mwingine kule, hausomeki. Angeweza kudanganya, nani angemkatalia, hata mkewe alimwambia, "Wewe mwanaume, sema tu ni vyema tukalale," lakini mtu aliyechonga kwamba haikunyesha hawezi kuchonga asichokiona kwenye ufa, na uaminifu wake huo, tuseme ukweli, aliyeulipia ni mtoto.

Lian alikulia mlangoni. Wakubwa wakiingia kwa mababu yeye alibaki nje na mbwa, na ibada ikiisha baba yake alitoka na nyama mkononi akakaa naye kizingitini, akisema, "Nimeshakula na wazee, sasa nakula na mwenzangu," na hapo ndipo walipoulizana maswali yao, kwa nini farasi hulala amesimama, nani alimwambia nyuki atengeneze asali, mpaka giza linaingia.

Mwaka wa ishirini na tatu wa ufalme marehemu alishikwa na jino. Jino haliumi lenyewe, yupo babu analivuta, na kazi ni kujua ni yupi, basi wakaulizwa mmoja mmoja, na wa kwanza alikuwa Baba Ding, ambaye hata akiwa hai hawakuwa wakielewana, na gamba likapasuka upesi kweli. Akachinjwa kondoo, Baba Ding akapewa sehemu yake na familia ikala sehemu yake, na usiku ule jino likazidi. Ikaonekana si Baba Ding peke yake, akaulizwa bibi yetu, kondoo, jino likazidi, akaulizwa babu wa babu, kondoo, shavu likavimba mpaka jicho likafumba, na mchungaji wetu akaja kulia mlangoni akiuliza kama mababu wangekubali mbuzi.

Marehemu akatoka na nyama yake kama kawaida, akakaa kizingitini, asiweze hata kuitafuna. Lian, miaka kumi na mitano, akamwambia, "Baba, fungua mdomo." "Wewe si mganga." "Na wewe si kondoo, mbona unalia hivyo? Fungua." Akafungua. Lian akatazama kwa muda, akachomoa kibanio chake cha nywele, na kabla mfalme hajasema lolote akatoa kutoka kwenye ufizi kipande cha mfupa wa kondoo, chembamba, chenye ncha, kilichokuwa kimejichoma humo tangu sherehe ya mwaka mpya. Mian alikitazama kipande kile juu ya kiganja chake mpaka machozi yakakauka, kisha akacheka mpaka mbwa wakabweka, akamwita Pei. "Chonga: haikuwa Baba Ding. Alikuwa kondoo." Halafu akaenda kaburini kwa Baba Ding kumwomba radhi, akiwa amechukua, tunasikitika kusema, kondoo.

Kuhusu ugonjwa wake wa mwisho, mwezi uliopita mto ulipopanda, marehemu alishinda ndani ya maji na wajenzi wa kingo, akapata homa na kikohozi cha kifuani, na kwa siku kumi alihudumiwa nyumbani kwake. Mchana wa siku ya Ji, akiwa ameegemezwa ukutani, aliagiza lile gamba lenye nafasi tupu liletwe, Mwaguzi Tong akaleta na moto. "Tuulize tena, Mkuu?" "Toa huo moto. Tong, tumekuwa wajinga mimi na wewe." "Mkuu ni Mkuu, mjinga ni mimi." "Wote wawili. Ramli huuliza yajayo. Huyu mtoto alishakuja! Miaka ishirini na mitatu nawasumbua mababu kwa jambo ambalo wao wamelala chini ya udongo hawalioni, na mimi ndiye niliyeliona kwa macho yangu. Ndiyo maana hawajibu. Kilichotokea hakiulizwi, kinasemwa." Akamwita Lian aingie, Lian akasema kwa desturi yake, "Siruhusiwi, Baba," akabaki kizingitini. "Basi sikia hapohapo. Nilisema si vyema. Nilikosea. Aitwe Pei achonge."

Pei hakuwapo. Yeye, Yue na wanaume wote walikuwa mtoni wakiziba kingo kwa tope, na waliporudi asubuhi ya siku ya Geng, siku aliyozaliwa, Mfalme Mian alikuwa ameshafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Na maneno ya mfalme aliyekufa hayachongwi, huchongwa ya mfalme aliye hai.

Familia inatoa shukrani kwa Mganga Ning, aliyekesha naye na kumvumilia, maana kila dawa aliulizwa inatibu nini na kisha aliulizwa haitibu nini, kwa waaguzi na wachongaji wote waliofanya naye kazi, kwa wajenzi wa kingo, kwa wajane wa kivuko cha kusini, kwa wanawake wa Lan waliosaga uwele wa msiba huu bila kuombwa, na kwa jirani yetu Chifu Zhan wa Magharibi, aliyefika mapema kuliko wote na magari matatu mazuri, ambayo familia inayashukuru sana na inaomba, kama mababu watapenda, yarudi kama yalivyokuja, matupu.

Usinikunjie uso, Yue mwanangu, shangazi yako alikubeba mgongoni. Tunajua ulishampa Chifu neno, ulimpa ukiwa hujui yaliyosemwa mchana ule, hapana mtu anayekulaumu, na Chifu mwenyewe ni mtu mzima, ameshazika wake wawili, anajua kukataliwa hakuui. Tunajua pia ni vigumu neno lako la kwanza la ufalme, mbele ya halaiki hii, liwe ni kwamba baba yako alikosea. Mwaguzi Tong alisikia, shangazi yako alisikia, dada yako alisikia kutoka mlangoni. Lakini sisi si wafalme. Pei ameshika kisu, wachimbaji wameshika majembe, na baba yako akishafunikwa bila neno hili, ataambiwa na mababu kila siku ya Geng kwamba pombe yake inamiminwa na mkono mgeni, na wa kwake yuko Magharibi. Yeye aliuliza maisha yake yote. Wewe huulizwi chochote, mwanangu, wewe unatakiwa useme kilichotokea tu. Hukumwona yule mtoto akikua? Hukuwapo siku ya jino?

Umesemaje? Paza sauti, walioko nyuma hawakusikia.

Amesema, "Baba alikosea. Chonga."

Haya, nyamazeni, vigelegele baadaye, mwacheni Pei afanye kazi, mkono wake si wa zamani. Mnasikia kisu? Hicho ndicho kilichotokea, kinachongwa. Lian, mwanangu, vuka kamba. Vuka, nakwambia, hakuna wa kukuzuia. Mbwa mpe Chifu Zhan akushikie. Futa mikono, pokea kikombe, mmiminie, na hata ukimwaga, baba yako hakuwahi kumcheka mtu aliyemwaga.

Mian, kaka yangu, jua linashuka na jina hili nalitamka kwa mara ya mwisho. Umefika salama? Hukufika salama? Pumzika sasa, kaka, maswali tuachie sisi.